Fedha Inataka Shahidi

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu hapa Matongo. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa kijiji na wa kata, wageni wetu mliotoka Nyamongo, Nyamwaga na Tarime mjini, na ninyi mliovuka Mto Mara kutoka upande wa Serengeti; akina mama wenzangu, na akina baba ambao leo mmekubali kukaa viti vya nyuma. (Kicheko.)

Kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii kuishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa dakika ishirini. Mwalimu ukimpa dakika ishirini ujue umempa arobaini, lakini nimeziona sufuria kule nyuma zinavyotoa moshi, kwa hiyo nitajitahidi.

Kamati iliniambia hivi: "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa ukitusimulia tamthilia baada ya kuhesabu hisa. Basi siku ya sherehe tusimulie zile zinazohusu fedha na ndoto za nyumbani." Nimekubali. Nitawapeleka kwenye nyumba tatu za jukwaani, kisha nitawapeleka kwenye nyumba ya nne, ambayo ni yangu. Habari ya nyumba hiyo wanachama wengi mnaijua, wageni hawaijui. Mwenyekiti ameniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kuisema. Nina hakika.

Kwa nini tamthilia? Jamani, hapa kwetu si rahisi mtu kusimama kwenye kikao akasema, "Mume wangu amekula fedha ya ada," au "Mke wangu ananificha." Ni aibu, na aibu ya nyumba haitandikwi uani kama mihogo. Lakini ukimleta mtu wa jukwaani, wote tunamsema. Tunamsema mpaka tunachoka. Halafu njiani, wakati wa kurudi nyumbani, kila mmoja anakuwa kimya. Mnakumbuka ukimya ule? Huo ndio kazi ya mchezo wa kuigiza.

NYUMBA YA KWANZA: CHICAGO

Mchezo wa kwanza uliandikwa na mwanamke, Lorraine Hansberry, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Chicago mwaka 1930. Unaitwa A Raisin in the Sun, na mimi huwa nauita Zabibu Juani. Ulioneshwa kwenye jukwaa kubwa la Broadway, New York, mwezi Machi 1959, na ulikuwa mchezo wa kwanza wa mwanamke mweusi kufika pale. Mwandishi alikuwa hajafikisha hata miaka thelathini. Alifariki mwaka 1965, akiwa bado kijana.

Familia yenyewe inaitwa Younger. Ni watu watano katika nyumba ndogo ya kupanga. Choo wanachangia na jirani, na mtoto Travis analala kwenye kochi sebuleni. Baba mwenye nyumba amefariki, na bima ya maisha yake inaleta hundi ya dola 10,000. Hapa kwetu tungeiita fidia. Mzee amefanya kazi mpaka akaisha, sasa hiki kikaratasi ndicho kilichobaki badala yake.

Sasa sikilizeni ndoto zao. Mama mwenyewe, Lena, anataka nyumba yenye bustani, maana miaka yote amekuwa akitunza mmea mmoja dhaifu dirishani. Mtoto wake wa kiume, Walter Lee, ni dereva wa tajiri, amechoka kufungulia watu mlango wa gari, anataka kufungua duka la pombe na wenzake. Binti yake, Beneatha, anasoma na anataka awe daktari. Mkwe wake, Ruth, ni mjamzito, anataka tu nafasi ya kupumulia.

Nawaulizeni, ipi hapo ni ndoto mbaya? Hakuna. Mtasema duka la pombe. Haya, na wangapi hapa tumesomesha watoto kwa fedha ya pombe ya kienyeji? (Kicheko.) Msinyooshe mikono, viongozi wapo.

Ndoto zote ni nzuri. Tatizo ni kwamba hundi ni moja, na hakuna siku hata moja waliyokaa wote mezani wakasema, "Tuna dola elfu kumi, tufanyeje?" Mama anatoka peke yake, anaenda kulipa dola 3,500 za mwanzo kwa ajili ya nyumba, tena katika mtaa wa wazungu watupu. Walter anaposikia, anavunjika moyo. Siku tatu haendi kazini. Mama anamwona mtoto wake anakufa ndani kwa ndani, anamhurumia, anamkabidhi dola 6,500 zilizobaki. Anamwambia dola 3,000 aziweke benki kwa ajili ya masomo ya dada yake, na zilizosalia azisimamie yeye, awe kichwa cha nyumba.

Ni jambo la upendo lile. Lakini hakuna aliyeongozana naye kwenda benki. Hakuna karatasi, hakuna aliyeuliza kesho yake, "Risiti iko wapi?" Walter anachukua fedha zote, pamoja na za dada yake, anampa rafiki anayeitwa Willy Harris wa biashara ile. Siku ya kuhama, masanduku yamefungwa, habari inakuja kwamba Willy ametoroka na kila kitu.

Lakini mchezo hauishii hapo. Kabla ya hayo, wazungu wa mtaa ule walikuwa wamemtuma mtu wao na ahadi ya kuinunua nyumba kwa bei ya faida, ili mradi tu watu weusi wasihamie kwao. Familia ilimfukuza. Sasa Walter, kwa vile hana kitu, anampigia simu arudi. Yuko tayari kupiga magoti na kupokea. Mama yake hamkatazi. Anasema tu kwamba mtoto Travis asiondoke, abaki pale pale, amtazame baba yake akifanya anachotaka kufanya. Walter anaanza kusema, anamwangalia mtoto, na maneno yanabadilika mdomoni. Anakataa fedha ile. Wanahama.

Mwaliona? Mtu ni yule yule, wiki ni zile zile. Mara ya kwanza alishika fedha bila shahidi, akaanguka. Mara ya pili alikuwa na shahidi wa miaka kumi hivi, akasimama.

NYUMBA YA PILI: KAMIRIITHU

Tuje jirani. Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, nchini Kenya. Mwaka 1976 wanakijiji walianza madarasa ya kisomo cha watu wazima katika kituo chao. Kutokana na kazi ya kituo hicho, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi Mei 2025, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, waliandika tamthilia kwa Kikuyu iitwayo Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili ilichapwa kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Walioigiza ni wakulima na wafanyakazi wa pale pale. Mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumapili mchana, mtu akishatoka kazini, tena hadharani, kila apitaye anasikiliza na kusahihisha. Jukwaa la wazi walilijenga kwa mikono yao, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Ilipofika tarehe 16 Novemba, serikali ikafuta kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kwa hiyo mtu akikwambia mchezo wa kuigiza ni upuuzi wa watoto wa shule, mwulize kwa nini serikali nzima iliuogopa.

Ndani ya mchezo kuna Kiguunda na mkewe Wangeci. Ni kibarua wa tajiri mmoja, Kioi. Mali yake ni ekari moja na nusu, na hati ya shamba ameitundika ukutani. Mara kwa mara anaishusha anaitazama. Wengine tunatundika picha ya harusi, yeye ametundika hati.

Binti yao, Gathoni, anatembea na mtoto wa Kioi. Siku moja Kioi na mkewe wanakuja kutembea. Wazazi wanafurahi, wanadhani wamekuja kuposa. Kumbe hapana. Wamekuja kuwaambia, "Ninyi wawili mnaishi bila ndoa ya kanisani. Fungeni ndoa kwanza." Wanakataa mwanzoni, lakini baadaye wanajisemea kwamba pengine ndiyo njia ya binti kuolewa katika nyumba kubwa. Harusi inataka gauni, suti, keki. Fedha hakuna. Kioi huyo huyo ndiye anayewafungulia mlango wa benki. Hati inashuka ukutani, inawekwa rehani.

Mengine mnayajua. Binti anapewa mimba, kijana anamkana. Kiguunda anakwenda kudai haki, anarudi bila haki na bila kazi. Deni haliwezi kulipika, benki inalipiga shamba mnada, na anayelinunua ni Kioi. Tangu mwanzo alikuwa analitaka, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa na mpango wa kujenga kiwanda.

Sasa hapa wenzangu nataka tuwe waangalifu. Tulipousoma mchezo huu kwenye kikao, mama mmoja aliuliza swali zuri sana. Alisema, "Mwalimu, Chicago ulituambia wamekosea kwa sababu hawakukaa pamoja. Hawa wa Kamiriithu mbona walikaa? Mume na mke walikubaliana. Mbona wamepoteza?"

Nilikwenda nalo nyumbani swali lile, sikulala vizuri. Jibu nililolipata ni hili. Kweli walikubaliana, na shahidi walikuwa naye. Lakini shahidi wao alikuwa ni Kioi. Anayetaka shamba lako hawezi kuwa shahidi wa mkopo wako. Na la pili, ile ndoto haikuwa yao. Wangeci hakuamka asubuhi moja akitamani keki. Aliletewa tamaa hiyo na mgeni, akanywea nayo chai. Hapa Matongo tangu mgodi mkubwa ulipoanza mwaka 2002, na hata kabla yake, tumewaona watu wa namna hiyo. Mtu akisikia tu nyumba fulani inategemea fidia, anakuja na karatasi, anakuja na gari la kuuza, anakuja na wazo. Hajawahi kuja wakati wa njaa.

NYUMBA YA TATU: PATATA

Nyumba ya tatu ni ya kwetu Tanzania, nayo ni fupi. Penina Muhando, ambaye ni Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha tamthilia ya Nguzo Mama mwaka 1982. Kijiji kinaitwa Patata. Wanawake wa kijiji wamepewa kazi ya kusimamisha nguzo. Wanaijaribu, wanaijaribu tena. Haisimami. Si kwamba nguzo ni nzito kupita kiasi. Ni kwamba kila mwanamke amekuja na mzigo wa nyumbani kwake, na mzigo ule unamvuta aondoke, au unamfanya agombane na mwenzake.

Nimewasomea tamthilia hii mara tatu katika miaka kumi, na kila mara mmenikasirikia. "Kwa nini haisimami? Mwandishi angeisimamisha tu!" Mimi nadhani hakuisimamisha makusudi, ili tuinuke tukaisimamishe sisi.

Kikundi kama chetu ndicho nguzo ile. Hakivunjwi na mwizi wa usiku. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Njia hii ya kuweka na kukopa haikubuniwa hapa; ilianzia kwa akina mama wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, kisha ikasambaa Afrika nzima. Maana ya kufuli tatu ni mashahidi watatu. Sanduku lina mashahidi. Lakini fedha ikishatoka kwenye sanduku ikaingia kwenye kanga, shahidi wake ni nani? Hapo ndipo nguzo inapoanza kuyumba. Na sasa nafika nyumbani kwangu.

NYUMBA YA NNE: YANGU

Mwaka wa nne wa kikundi niliomba mkopo wa shilingi 900,000. Hisa zangu zilikuwa 300,000, na kanuni yetu ni mara tatu ya hisa, kwa hiyo nilikuwa na haki. Kwenye fomu, mahali pa shughuli, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu: "Ufugaji wa mbuzi."

Hapakuwa na mbuzi. Fedha ile nilimpa kijana wangu wa pili. Alikuwa na wenzake, wamepata duara la dhahabu, wanahitaji magogo ya kuzuia udongo, pampu, na chakula cha wachimbaji. Aliniambia, "Mama, miezi mitatu tu." Kanuni ya wakati ule ilikataza kukopa kwa ajili ya maduara, ndiyo maana nikaandika mbuzi. Mzee wangu sikumwambia. Nilikuwa na sababu yangu. Miaka ya nyuma tulilipwa fidia ya kipande cha shamba, akaipokea yeye, akaitumia alivyoona, na hakuniuliza. Nikajisemea moyoni: kama yeye ana siri yake, na mimi nina haki ya kuwa na yangu. Nilikuwa nawasomea ninyi Chicago, huku nikifanya alivyofanya mama Lena, bila hata huruma yake.

Masika yakaja, duara likajaa maji. Mwenzao aliyeshika fedha iliyobaki akahama mji.

Kamati ya mikopo, kama kawaida, ikasema inakuja kutembelea miradi. Niliambiwa asubuhi, wanakuja saa tisa. Nikakimbia kwa jirani, nikaazima mbuzi wanne. Nikawafunga uani. Wageni wakaja, wakaona mbuzi, wakasifu. Tukakaa, tukanywa uji, maongezi yakanoga, jua likaanza kushuka. Sikujua kwamba fundo la kamba nilikuwa nimelifunga vibaya. Mbuzi wa kwanza akainuka. Wa pili akamfuata. Wote wanne wakatoka kwa mstari mbele ya kamati, wakapita lango, wakaenda kwao. (Kicheko kirefu.) Mbuzi hajui kusema uongo.

Mnacheka leo. Siku ile hakuna aliyecheka. Mzee wangu alikuwa amekaa pale barazani, akawatazama mbuzi, akanitazama mimi. Ndipo alipojua kila kitu. Wageni walipoondoka alikaa kimya mpaka usiku. Halafu akasema, "Ungeniuliza, ningekataa. Lakini ningejua." Nikamjibu kwa hasira, "Na ile fidia, mimi niliulizwa?" Akanyamaza tena. Baadaye akasema, "Hukuulizwa." Katika miaka yote ya ndoa yetu, hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza ya kweli juu ya fedha tuliyowahi kuwa nayo, na yaliletwa na mbuzi wa watu.

Kwenye kikao nilisimama nikasema ukweli. Wako waliotaka nifukuzwe, na walikuwa na haki. Wengine walinitetea. Mwishowe nilipigwa faini, nikavuliwa uweka hazina, nikapewa ratiba ya kulipa. Nililipa kwa miezi kumi na mmoja. Mzee aliuza mtamba mmoja kunisaidia. Amekwisha kutangulia mbele ya haki sasa, Mungu ampumzishe. Kijana wangu yupo, amekaa pale karibu na ngoma. Nilimwomba ruhusa ya kuyasema haya, akaniambia, "Sema, mama, ila uwaambie bado unanidai." Basi nimewaambia. (Makofi.)

TULIYOJIFUNZA

Kutokana na mkasa ule, kikundi hakikuishia kunihukumu mimi. Kilibadilisha kanuni. Naomba niwakumbushe wanachama, na wageni mkipenda mchukue.

Kwanza, mkopo wowote unaozidi hisa za mtu unaombwa mbele ya shahidi wa nyumbani. Si mdhamini wa kulipa, huyo tunaye tayari katika kundi la watu watano. Huyu ni wa kusikia tu: kiasi gani, kwa ajili ya nini, na kitarudi lini.

Pili, shahidi anachaguliwa na mkopaji mwenyewe. Hili tulibishana sana, jioni mbili nzima. Wako waliosema lazima awe mume. Lakini tunajuana. Wako akina mama hapa ambao siku mume akijua kuna laki mbili, jioni hakuna laki mbili, na asubuhi kuna jicho lililovimba. Siri ya mama huyo si uongo, ni ukuta wa kujikinga. Kwa hiyo shahidi anaweza kuwa mume, mkwe, dada, wifi, au mtoto mkubwa. Lakini lazima awepo mmoja. Ukikosa hata mtu mmoja duniani wa kumwambia habari ya fedha yako, basi tatizo lako si mkopo, njoo tuzungumze kwanza.

Tatu, shahidi asiwe na faida katika fedha hiyo. Kijana wangu hakufaa kuwa shahidi wangu, kama vile Kioi hakufaa kuwa wa Kiguunda.

Nne, andika ndoto kwa jina lake. Kama ni duara, andika duara. Tuliondoa katazo lile, tukaweka kikomo: kwa shughuli ya hatari kama hiyo, mtu hakopi zaidi ya hisa zake mwenyewe. Tulitambua kwamba katazo letu halikuzuia maduara. Lilizalisha mbuzi.

Akina mama, liko pia jambo la sheria ambalo kila mmoja alijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani ya nyumba ya familia. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo huhesabika kama mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kwa hiyo usiseme, "Mimi sina changu, nilikuwa napika tu." Na akina baba, ridhaa inakwenda pande zote mbili, mke naye hawezi kuweka rehani nyumba yenu kimya kimya. Kwa maneno mengine, hata sheria inajua kwamba fedha inataka shahidi.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia, naona mpishi ananitazama vibaya. Miaka kumi siyo mchezo. Tulianza tukiwa wachache chini ya mwembe, na daftari la mistari lililotafunwa na panya pembeni. Leo wako kati yetu waliojenga, waliosomesha, walionunua ng'ombe kwa majina yao. Nashukuru kwa hayo yote. Lakini ninachokithamini zaidi ni kwamba nilidanganya kikundi hiki, na kikundi hiki kikanilazimisha kusema kweli bila kunitupa nje. Nguzo ilitingishika, haikuanguka, kwa sababu wenzangu hawakuiacha.

Nina ombi moja tu la kuondoka nalo. Usiku wa leo, mkishamaliza kusimuliana sherehe, ulizaneni nyumbani: "Tukipata milioni moja, wewe ungependa tufanyie nini?" Mwulize mume, mwulize mke, mwulize na mtoto anayelala sebuleni. Msibishane, sikilizeni tu. Ulizeni sasa, fedha ikiwa haijafika. Ikishafika, kila mtu ana masikio mafupi.

Kikundi chetu hoyee! (Hoyee! Makofi na vigelegele.)